Gemu za gacha: ni nini hasa, na bure yake inaishia wapi

Gemu ya gacha ni ile unayopakua bure na kucheza bure, ila karakta wakali na silaha za maana huwezi kuvinunua moja kwa moja, unavibahatisha. Unakusanya sarafu za ndani ya gemu, unaspini, inakutolea kitu, na mara nyingi kinachotoka sicho ulichokuwa unakitafuta. Mtindo wenyewe umetokea Japani, kwenye zile mashine za dukani ambazo unaweka sarafu, unazungusha kishikio, kinadondoka kidude chenye mdoli ndani na huna uwezo wa kuchagua mdoli gani. Wanaocheza eFootball hapa Bongo na Kenya wanalijua hili vizuri, kufungua paki ukimsaka mchezaji wa Epic ni gacha hiyohiyo.

Sasa swali ambalo kila mtu anauliza, je inalipa kucheza au tunapigwa? Mimi naona hakuna jibu mpaka ukae chini upige hesabu, kwa hiyo tuchukue Genshin Impact, gemu ya kampuni ya miHoYo ya China iliyotoka Septemba 2020, kwa sababu namba zake ziko wazi.

Spini moja kwenye bango la karakta (ofa ya muda inayomtangaza karakta fulani) inakupa nafasi ya asilimia 0.6 kupata nyota 5, yaani karakta wa daraja la juu kabisa. Ukiiacha bahati tupu ifanye kazi, mtu anaweza kuspini mara 90 na bado uwezekano wa kutoka kapa ukawa zaidi ya nusu. Ndo maana kuna kitu wachezaji wanaita piti, yaani ukifika spini ya 90 bila nyota 5, hiyo ya 90 lazima ikupe, na wachezaji waliokusanya rekodi zao wakaona nafasi inaanza kupanda kwenye 74 hivi, kwa hiyo wengi hawafiki 90. Safi. Ila subiri, huyo nyota 5 si lazima awe yule wa kwenye bango, kwa miaka mingi ilikuwa nusu kwa nusu (siku hizi wameongeza kidogo), ukikosa unapewa mwingine ambaye labda hukuwa na shida naye kabisa, halafu anayefuata ndo anakuwa wa uhakika. Maana yake bei ya juu kabisa ya karakta mmoja ni spini 180, na hiyo 180 ndo bei unayotakiwa kuishika kichwani, sio ile video ya jamaa aliyempata kwa spini 10.

Spini moja ni Primogem 160 (hizo ndo sarafu za ndani ya gemu), mara 180 ni 28,800. Kazi za kila siku zinakupa 60. Kwa hizo peke yake ni siku 480, ingawa matukio, maboksi ya kwenye ramani na zawadi za misheni zinaipunguza sana, mtu mvumilivu anaweza kumpata karakta anayemtaka bila kutoa hata senti, ila anachagua mmoja na wengine wanne anawaangalia wakipita. Ukitaka kulipa, paki kubwa ni dola 99.99 na inakupa 8,080 pamoja na bonasi, yaani spini 50 tu, kwa hiyo ukiacha ile ofa ya kudabo ya mara ya kwanza, hali mbaya kabisa ni paki nne, karibu dola 400 kwa karakta mmoja. Na kuna mapedeshee wanaomtafuta huyohuyo mara saba ili afike nguvu zake zote.

Pamoja na hayo yote mimi bado nasema ni gemu nzuri, tena sana. Ramani yote, stori yote, muziki, unapewa bure, kila wiki sita hivi wanaongeza vitu, na kwa kuwa hakuna kupigana na wachezaji wengine, mwenye hela hawezi kuja kukutwanga. Karakta anayeitwa Xiangling wanakupa bure ukivuka ghorofa ya 3 ya Spiral Abyss, mnara wa mapambano ndani ya gemu, na huyo ni nyota 4 anayewekwa kwenye timu za wazoefu hadi leo. Ungekuwa ushindani wa ana kwa ana ningekwambia uachane nayo mapema.

Kinachouma zaidi ya hela ni muda. Kuna nishati inaitwa Resin, unaitumia kuchukulia zawadi za kuimarisha karakta, inajirudisha moja kila dakika 8 na inaishia 200, ukikaa kama saa 27 hujaingia inajaa na inayofuata unaikosa, kwa hiyo gemu inakuita kila siku hata ile siku umechoka. Mabango nayo yanakaa wiki tatu hivi yanaondoka, na hapo ndo watu wanapopanik wanalipa. Halafu kwa huku kwetu ongeza bando na nafasi ya simu, kwenye simu inakula zaidi ya GB 20.

Na watoto jamani. Sarafu ziko za aina tatu, hela inakuwa Crystal, Crystal inakuwa Primogem, Primogem inakuwa tiketi, hata mtu mzima anapotea hajui ametumia shilingi ngapi. Januari 2025 mamlaka ya biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na wasambazaji wa gemu hii, wakalipa dola milioni 20 na wakazuiwa kuwauzia spini walio chini ya miaka 16 bila idhini ya mzazi. Kama kadi yako au mobile money imeunganishwa kwenye simu anayochezea mtoto, weka nywila leo.

Jua pia kwamba ulichospini si mali yako. Dragalia Lost ya Nintendo na Cygames ilizimwa Novemba 2022, karakta wa watu wote wakaishia hapo.

Kwa hiyo kabla hujaanza gemu yoyote ya aina hii, fungua maelezo ya bango. China ililazimisha kampuni kutangaza asilimia tangu 2017 na nyingi sasa zinaziandika, soma asilimia, soma piti, angalia kama piti inahamia bango linalofuata (Genshin inahamia), zidisha upate bei ya juu, na ukikuta gemu haina piti kabisa, ifute.