Shughuli Zimefunguliwa, Korona Haijafungwa: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku

Tangu masharti ya Korona yalegezwe na watu warudi kazini, shuleni, kwenye ibada na kwenye sherehe, kinachotusumbua sisi wahudumu wa afya ni wakati ambao wagonjwa wanatufikia. Wengi wanaletwa siku ya nane au ya tisa ya ugonjwa, wameshikwa huku na huku, midomo imeshabadilika rangi, hawawezi kumaliza sentensi. Tukiwauliza ndugu kwa nini wamechelewa, jibu ni lile lile: "Tulidhani ni mafua tu. Si mambo yameshafunguliwa?" Maswali yafuatayo ndiyo tunayoulizwa zaidi. Naomba usome hasa yanayohusu kupumua.

Shughuli zikifunguliwa, si maana yake ugonjwa umekwisha?

Hapana. Masharti hulegezwa pale maambukizi yanaposhuka kufikia kiwango ambacho hospitali zinaweza kukimudu, na kwa sababu watu hawawezi kukaa ndani miezi na miezi bila kipato wala masomo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba kabla ya kufungua, wanaokutwa na virusi wawe chini ya asilimia 5 ya wote wanaopimwa, kwa wiki mbili mfululizo. Soma tena hapo: chini ya asilimia 5, si sifuri. Virusi bado vipo, na vinapanda daladala, basi na treni pamoja nasi.

Korea Kusini ilikuwa miongoni mwa nchi zilizodhibiti Korona vizuri mwanzoni. Mei 2020, masharti yalipolegezwa, maambukizi yalizuka katika kumbi za starehe za usiku jijini Seoul, na watu zaidi ya 200 wakahusishwa na mlipuko huo. Wala si jambo geni. Wakati wa janga la homa ya mafua la mwaka 1918, jiji la San Francisco liliondoa amri ya kuvaa barakoa Novemba 21, watu wakazivua kwa shangwe barabarani. Januari 1919 amri ilirudishwa, kwa sababu wagonjwa walikuwa wamerudi.

Korona inaambukizwaje hasa?

Kwa hewa inayotoka puani na mdomoni mwa aliyeambukizwa, anapopumua, anapoongea, anapoimba, anapokohoa. Matone makubwa huanguka karibu. Chembe ndogo sana hubaki zikielea ndani ya chumba kama moshi wa sigara, hata aliyezitoa akishaondoka. Kugusa vitu vyenye virusi na kisha kujishika uso nako kunaweza kuambukiza, ila si njia kuu. Dalili hujitokeza kwa kawaida siku ya tano au ya sita baada ya kuambukizwa, na zinaweza kuchelewa hadi siku ya 14. Mtu huanza kuambukiza wenzake siku mbili hivi kabla hajajisikia vibaya.

Basi ni wapi pa kuwa na tahadhari zaidi sasa?

Ndani, penye watu wengi, madirisha yamefungwa, na watu wanaongea kwa sauti au kuimba. Machi 10, 2020, wanakwaya 61 walikutana kwa mazoezi katika jimbo la Washington, Marekani. Walikaa pamoja kama saa mbili na nusu. Waliougua walikuwa 53, kati yao 33 wakathibitishwa kwa vipimo, na wawili wakafariki. Aliyedhaniwa kuleta maambukizi alikuwa na dalili zilizofanana na mafua ya kawaida. Nawaomba sana mnaosema "ni mafua tu, nitahudhuria" mkumbuke kwaya hiyo.

Fungueni madirisha na milango ya pande mbili ili hewa ipite. Feni inayozungusha hewa ile ile ndani ya chumba kilichofungwa haisaidii. Kama shughuli inaweza kufanyika nje, ifanyike nje, na iwe fupi.

Barakoa bado zina kazi?

Zina kazi zikifunika pua na mdomo kwa wakati mmoja. Tunaona barakoa kidevuni, barakoa mfukoni, barakoa inayovaliwa mlangoni mbele ya mlinzi na kuvuliwa hatua tano ndani. Na kuna lile linalonikera kuliko yote: mtu amevaa vizuri kabisa, kikohozi kinamjia, anaishusha barakoa, anakohoa, kisha anaipandisha. Kikohozi ndicho tunachotaka kibaki ndani ya barakoa. Ya kitambaa ifuliwe kila siku kwa sabuni, na ile ya kutumia mara moja itupwe baada ya mara moja.

Kuhusu kupimwa joto mlangoni: kunamkamata mwenye homa tu. Walioambukizwa wasio na homa ni wengi, na waliomeza paracetamol asubuhi ili wapite wapo pia. Usijidanganye kwamba chumba ni salama kwa sababu wote mmepimwa kwenye paji la uso.

Nina mafua kidogo na koo linawasha. Niende kazini?

Usiende. Kaa nyumbani, pimwa, mjulishe msimamizi wako. Ukikutwa na virusi, au ukishindwa kupata kipimo huku dalili ziko wazi, jitenge angalau siku 10 tangu dalili zilipoanza, na usirudi kazini ukiwa bado na homa. Aliyekaa karibu na mgonjwa anajiangalia kwa siku 14 tangu walipoonana mara ya mwisho. Waajiri nao wasikie: mkimkata mshahara anayejitenga, mnawaleta wagonjwa kazini kwa mikono yenu.

Nijitunzeje nyumbani?

Pumzika, kunywa maji ya kutosha, kula hata kama ladha imepotea, meza paracetamol kwa homa na maumivu kwa kipimo kilichoandikwa. Lala chumba chako peke yako ikiwezekana, dirisha wazi. Kama una kisukari, presha, pumu au ugonjwa wa moyo, endelea na dawa zako bila kukosa. Wengi wanapona hivi hivi.

Lakini lazima kuwe na mtu wa kukuangalia mara kwa mara, na wote wawili mjue jibu la swali linalofuata.

Ni lini niende hospitali?

Kupumua kukiwa kwa shida, nenda. Siyo kesho asubuhi wala baada ya kumaliza dozi, wala baada ya kumsubiri kaka arudi safari mshauriane. Nenda saa hiyo.

Angalia mambo haya. Mgonjwa anashindwa kusema sentensi nzima bila kuvuta pumzi katikati. Anatembea kutoka kitandani hadi chooni na kurudi akihema. Kifua kinabana au kinauma bila kuachia. Midomo au kucha zinakuwa na rangi ya bluu au kijivu. Anachanganyikiwa, anaongea yasiyoeleweka, au kumwamsha ni kazi. Moja tu kati ya haya linatosha.

Hesabu pia pumzi. Mtazame kifua akiwa ametulia, chukua saa, hesabu kinapanda mara ngapi kwa dakika nzima. Usimwambie unahesabu, maana atabadilisha anavyopumua. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Akizidi 30, huo ni ugonjwa mkali. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, na wa miezi miwili hadi kumi na mmoja akifika 50, naye apelekwe.

Zingatia siku. Korona ina tabia ya kudanganya: mgonjwa anaumwa siku tatu nne, anaonekana kupata nafuu, kisha kati ya siku ya tano na ya kumi pumzi inaanza kukata. Hapo ndipo familia nyingi zinapotegwa, kwa kuwa zimeshashukuru na kulegeza macho. Andika tarehe dalili zilipoanza, na siku hizo mwangalie zaidi kuliko zile za mwanzo.

Pumzi inakata lakini anasema anaweza kuvumilia. Tusubiri hadi asubuhi?

Msisubiri. Wapo wagonjwa ambao oksijeni mwilini imeshuka vibaya na bado wanaongea na kujibu salamu. Kuvumilia kwake hakupandishi oksijeni. Tunawapokea asubuhi hao waliovumilia usiku kucha, na kazi ambayo ingefanywa na mpira mdogo wa oksijeni puani saa mbili za usiku sasa inahitaji mashine ya kupumulia na kitanda cha wagonjwa mahututi, ambacho huenda hakipo.

Nasikia wakikuwekea oksijeni ndiyo mwisho wako. Si bora nibaki nyumbani?

Hili limeua watu wengi. Narudia taratibu: oksijeni haiui. Ni hewa ile ile mwili wako unayoihitaji kila dakika, ila imeongezwa nguvu kwa sababu mapafu yaliyojaa ugonjwa hayawezi tena kuivuta ya kutosha.

Ulichosikia kina chanzo chake. Jirani alipelekwa, akawekewa oksijeni, akafariki usiku ule. Familia ikakumbuka mpira puani, ikasahau siku nne alizolala sebuleni akihema. Aliyefika mapema akawekewa oksijeni siku chache na kurudi nyumbani kwa miguu yake hasimuliwi, kwa sababu kupona hakuzungumzwi msibani.

Kuna faida nyingine ya kuwahi. Juni 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba dexamethasone, dawa ya bei nafuu na ya siku nyingi, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuleta nafuu yoyote. Kwa hiyo dawa ipo, lakini hutolewa na anayekupima, kwa wakati wake.

Kwa hiyo nikinunua dexamethasone duka la dawa nianze mapema?

Usithubutu. Ukianza mapema, kabla hujahitaji oksijeni, hupati faida na unaweza kudhoofisha kinga yako wakati inapigana. Kwa mwenye kisukari, sukari hupanda ghafla.

Na tukiwa hapo hapo: antibayotiki hazitibu Korona, kwani zinaua bakteria na Korona ni kirusi. Kumeza azithromycin ya jirani aliyepona ni kupoteza pesa na kuwazoesha bakteria dawa. Kujifukizia maji ya moto hakuui kirusi kilicho mapafuni. Tunachokiona ni watu walioungua uso na mapaja, watoto wakiwemo. Ukitaka kunywa chai ya tangawizi kwa sababu koo linapata raha, kunywa. Ila hakuna kati ya hivi kinachoruhusu kusubiri pale pumzi inapokata. Hakuna hata kimoja.

Tunacho kipimo cha kidole nyumbani, kinasoma 95. Tuko salama?

Kipimo cha kidole, yaani kifaa kinachobanwa kidoleni kusoma asilimia ya oksijeni kwenye damu, ni msaada mzuri. Mkono uwe na joto, kucha isiwe na rangi, mgonjwa atulie dakika kadhaa, kisha soma namba ikishatulia. Kikisoma chini ya 94, wasiliana na kituo cha afya siku hiyo hiyo. Chini ya 90 ni dharura, ondokeni sasa.

Lakini fahamu kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi vipimo hivi vinaweza kuonyesha namba ya juu kuliko ukweli. Kwa hiyo kama kidole kinasema 95 na mgonjwa anahema, mwamini mgonjwa.

Nimechanjwa. Haya yote yananihusu?

Yanakuhusu. Chanjo inapunguza sana uwezekano wa kuugua vikali na kufa, na kama hujachanjwa na ipo karibu yako, kachanjwe wiki hii. Bado unaweza kuambukizwa na kumwambukiza mzee wa nyumbani kwako, hasa kinga ikishaanza kupungua baada ya miezi kadhaa.

Tumeamua kumpeleka. Tufanye nini njiani, na tukifika?

Mvalisheni barakoa ikiwa anaweza kupumua nayo, nanyi mvae zenu. Fungueni vioo vya gari. Akae wima au ainamie mbele kidogo, asilazwe chali kama anahema. Kama kuna muda, pigeni simu kituoni kabla, kwa sababu si kila kituo kina oksijeni na ni heri mjue mapema kuliko kuzunguka naye.

Bebeni dawa zote anazotumia, pamoja na zile mlizonunua bila kuandikiwa. Msizifiche, hatutawagombeza, tunataka kujua nini kiko mwilini. Mkifika, msikae kwenye foleni ya kawaida kusubiri namba. Mwendeeni muuguzi wa kwanza mtakayemwona, mwambieni: "Mgonjwa wetu hapumui vizuri, dalili zilianza tarehe fulani," na mtaje kama ana kisukari, presha, pumu au ujauzito. Akiwaambia mkae mngoje, mwambieni tena, kwa sauti.