Maonyo ya kompaila kuhusu namba hasi: dhana na ukweli

“Ni onyo tu, programu inafanya kazi.”

Katika lugha ya C, `int` (namba yenye alama, yaani inayoweza kuwa hasi) ikilinganishwa na `unsigned int` (isiyo na alama, yaani haiwi hasi kamwe), kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo, huweza kutoa onyo. Ile yenye alama ndiyo hugeuzwa kuwa isiyo na alama. Kwenye biti 32, -1 inakuwa 4294967295. Ndiyo maana `-1 < 1u` si kweli, na lugha yenyewe ndiyo inayotaka hivyo. Programu huenda vizuri miezi mingi, mpaka siku thamani hasi inapopita pale.

Mwaka 2002 mradi wa mfumo endeshi wa FreeBSD ulitoa tahadhari ya usalama kuhusu miito ya mfumo (maombi ambayo programu hupeleka kwa kerneli, kiini cha mfumo) kama `getpeername`. Urefu uliotoka kwa mtumiaji ulikuwa namba yenye alama. Urefu hasi ulipenya kwenye kikomo, kwa kuwa ni mdogo kuliko kikomo chochote, kisha wakati wa kunakili ukahesabiwa kuwa namba kubwa mno. Kumbukumbu ya kerneli ikaweza kumfikia mtu asiyestahili kuiona.

“Weka `(int)` mbele, ugeuze aina kwa lazima, onyo litaisha.”

Hii inaniuma kuliko zote. Onyo huisha, kosa hubaki, na anayesoma baadaye huamini kuwa mtu alishalipima jambo hilo. Kwenye msimbo wa wengi, uliza kwanza: je, namba hii inaweza kuwa hasi? `read`, funksheni ya kusoma data, hurudisha -1 inaposhindwa, kwa hiyo kagua uhasi wa jibu lake (hapa `n`) kabla ya kulilinganisha na `size_t`, aina ya ukubwa isiyo na alama:

```
if (n < 0) return -1;
if ((size_t)n < sizeof kichwa) return -1;
```

Hapo kugeuza aina kuna haki, maana ukaguzi umetangulia. Kama kigeu ni idadi tu, rekebisha aina yake kinapotangazwa, usibandike viraka kila kinapotumika. Ila tangazo likiwa kwenye faili la vichwa (faili la `.h` ambalo faili nyingine hulijumuisha), kulibadilisha kunamgusa kila anayeita funksheni ile. Wenzako wajulishwe kabla, wala si baada ya ujenzi wao kuvunjika.

“Basi zote zisiwe na alama.”

Kitanzi `for (size_t i = n - 1; i >= 0; i--)` hakikomi kwa sharti lake: `i` ikifika 0, hatua inayofuata ni namba kubwa kuliko zote. Andika `for (size_t i = n; i-- > 0; )`, nayo `n` ikiwa 0 haileti shida.

“Kwangu halionekani, kwa hiyo halipo.”

Kwenye kompaila ya GCC, bendera (chaguo la amri) `-Wall` huwasha `-Wsign-compare`, yaani onyo la ulinganisho huu, kwa C++, lakini kwa C unahitaji `-Wextra`. `-Wsign-conversion`, inayoonya kuhusu ugeuzaji wa alama, haimo katika hizo mbili. Funksheni iliyoandikwa ndani ya faili la vichwa inaweza kupita kimya kwako, kisha ikakwamisha mradi wa C++ wa mwenzako anayetumia `-Werror`, inayofanya kila onyo liwe kosa. Faili la namna hiyo nalijenga mara mbili, kwa C na kwa C++, bendera zote zikiwa zimewashwa, ndipo nalituma.