Warumi hawakumwaga chumvi Carthage

Hii stori ya kwamba Warumi walipoiangusha Carthage, mji wa kale wa Afrika Kaskazini, mwaka 146 KK wakalima mashamba yake na kumwaga chumvi isiote kitu tena, imezunguka sana mpaka iko kwenye vitabu vya shule, ila ukiitafuta kwa waandishi wa zamani huikuti. Polybius alikuwepo palepale pembeni ya jenerali Scipio mji ukiungua, na Appian akaja kuandika kirefu jinsi walivyopigana nyumba kwa nyumba na watu kama 50,000 wakatoka wakajisalimisha wakaishia utumwani, chumvi hakuna anayeitaja. Imekuja kushika kasi karne ya 20 tu. Pengine watu walichanganya na Abimeleki wa kwenye Biblia, yule aliyebomoa Shekemu akaupanda chumvi (Waamuzi 9:45).

Halafu jamani, fikiria tu, hekta zote zile ungehitaji chumvi kiasi gani, na ya nini, wakati ile ardhi Warumi wenyewe waliitaka? Waliichukua ikawa mali ya dola, wakaikodisha. Mwaka 122 KK, miaka 24 tu baadaye, mwanasiasa wa Roma, Gaius Gracchus, alikuwa anapeleka walowezi hukohuko wakalime. Ule mpango ulikwama kwa siasa, lakini watawala Julius Kaisari na Augustus waliufufua na Carthage ikawa mji mkubwa tena, na ngano ya Afrika Kaskazini ndo ikawa inalisha Roma. Magofu ya mabafu yao yapo mpaka leo pale ufukweni, nje kidogo ya Tunis.