Piridini si Piperidini

Katika maandishi na mazungumzo kuhusu utengenezaji wa dawa, nimekutana mara nyingi mno na watu wanaoiita piperidini kwa jina la piridini, kana kwamba silabi "pe" haina kazi. Zote mbili ni pete zenye nitrojeni, yaani atomi zilizoungana kwa mduara mpaka ya mwisho ikashikana na ya kwanza, moja ikiwa nitrojeni na tano kaboni. Mkemia huzitumia kama vijenzi: huchukua pete iliyokwisha kuundwa akaiunganisha na sehemu nyingine za molekuli ya dawa. Uchambuzi wa dawa zilizoidhinishwa Marekani, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba asilimia 59 ya dawa zenye molekuli ndogo zina pete yenye nitrojeni, piperidini ikiongoza na piridini ikifuata.

Majina hayo hayana asili moja. Piridini imetokana na neno la Kigiriki "pyr", yaani moto, kwa kuwa Thomas Anderson, mkemia wa Scotland, aliipata katikati ya karne ya 19 kutoka katika mafuta yanayotoka kwenye mifupa inapopashwa moto mkali pasipo hewa. Piperidini imetokana na "piper", pilipili kwa Kilatini, kwa sababu ilipatikana kwa kuvunja piperini, kampaundi inayoipa pilipili manga ukali wake, ambayo Hans Christian Ørsted, mwanasayansi wa Denmark, aliitenga mwaka 1819. Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati, kwani "piper" na "pilipili" ni maneno ya ukoo mmoja, yote yakirudi kwenye "pippali" ya Kisanskriti.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kosa la jina huzaa kosa la kemia. Piridini ina hidrojeni 5 na piperidini ina 11, na hizo sita za ziada hubadili tabia yote ya pete. Piridini ni bapa, na elektroni zake sita zimeenea pete nzima. Piperidini imejikunja, haina elektroni za namna hiyo, na nitrojeni yake hudaka protoni, chembe yenye chaji chanya, kwa urahisi, hata ikawa besi yenye nguvu inayokaribia mara milioni moja ya piridini. Ndiyo maana, katika damu, piperidini iliyo huru hubeba chaji ilhali piridini kwa sehemu kubwa haibebi, na jambo hilo huathiri namna dawa inavyoyeyuka na kupenya utando wa seli.

Kwa hiyo anayeandika kwamba pethidini, dawa ya kutuliza maumivu makali, imejengwa juu ya piridini amekosea pete: hiyo ni piperidini, na piridini imo katika isoniazidi, dawa ya kifua kikuu. Akifika kwenye loratadini, dawa ya mzio, atalazimika kuyaandika majina yote mawili, kwa kuwa molekuli yake inazo pete zote mbili.