Bango la maadili halijabadilisha kiwanda hata kimoja

Dhana: Utamaduni wa kazini ni jukumu la afisa utumishi.

Pita ofisi na viwanda kuanzia Mbeya mjini hadi Mafinga, utakuta bango ukutani: uwazi, uwajibikaji, heshima. Chini ya bango hilo hilo msimamizi wa zamu anamtukana kibarua mbele ya wenzake, na mwisho wa mwaka anapandishwa cheo kwa sababu mbao zilitoka kwa wakati. Kiwanda kizima kimeshajua kanuni ya kweli ni ipi. Afisa utumishi anaandika mwongozo na kupanga semina, lakini kinachovumiliwa na kisichovumiliwa kinaonekana kwa mkuu. Pale utumishi wenye meno unapofaa ni kwenye vigezo vya cheo: malalamiko dhidi ya msimamizi yahesabiwe pamoja na uzalishaji wake. Isitoshe, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kwa misingi kama jinsia, kabila au dini kuwa aina ya ubaguzi. Kwa hiyo hilo la "bosi ndivyo alivyo" halina nafasi.

Dhana: Kikao kikiwa kimya, watu wamekubali.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mtoto hukuzwa asimjibu mkubwa. Ukimya kikaoni ni adabu tu. Maoni utayasikia kwenye chai ya saa nne. Kiongozi anayetaka kusikia aongee mwisho, na aanze na vikundi vidogo. Tawi la chama cha wafanyakazi nalo lipo kwa kazi hiyo. Kulichukulia kama genge la wachochezi ni kujiziba masikio mwenyewe.

Dhana: Anayebaki ofisini hadi usiku ndiye mchapakazi.

Sheria hiyo hiyo ya ajira inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada ni kwa makubaliano, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Meneja anayewasifu waliobaki hadi saa mbili usiku anawafundisha kuivuta kazi ya mchana.

Dhana: Wafanyakazi wa zamani ni wakaidi, hawataki mabadiliko.

Wengine ni wakaidi kweli, tusidanganyane. Lakini chukua mchumaji wa chai aliyezoea kulipwa kwa kilo alizochuma kwa mkono, Mufindi au Rungwe. Ukimletea mashine, umegusa ujira wake, ratiba yake, na hata nafasi yake shambani, kwa kuwa mashine moja inafanya kazi ya watu kadhaa. Anapouliza maswali mengi anapiga hesabu ya ada ya shule, wala hajagoma. Uongozi unaoleta mashine Jumatatu na kutangaza viwango vipya vya malipo mwezi unaofuata umejitafutia mgogoro wenyewe. Viwango vitangulie, vijadiliwe na tawi la chama, ndipo mashine ishushwe kwenye lori.