Mtambo wa simu za ofisi: taa ya kijani isikudanganye

"Si unaona taa inawaka? Umeme upo." Hili ndilo ninalolisikia kuliko yote nikiitwa kutengeneza mtambo wa simu. Ile taa ndogo hula umeme kiduchu mno, hivyo itawaka hata pawa saplai, kile kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za mtambo, ikiwa hoi. Mtambo wenyewe unataka zaidi ya hapo: volti 5 za bodi, mara nyingi 12 za kadi, na 24 au 48 za kulisha simu za mezani. Moja ikilegea, taa haina habari.

Niliitwa nyumba ya wageni moja ambako mtambo ulikuwa ukijizima na kujiwasha alfajiri tu. Walishabadilishiwa nyaya, wakaambiwa ni programu, wakabakiza kidogo wanunue mtambo mpya. Nikapima ile laini ya volti 5 simu zikiwa zimetulia: 5.02, safi kabisa. Nikamwomba dada wa mapokezi apigishe kengele vyumba sita kwa mpigo. Mita ikaporomoka hadi 4.4, mtambo ukazima. Kengele ya simu ya kawaida huendeshwa kwa volti kama 75 hadi 90, na nguvu hiyo inatoka kwenye pawa saplai ileile. Alfajiri ndipo mtambo ulipokuwa ukiwaamsha wageni kwa simu, wote kwa pamoja. Ndani ya pawa saplai nikakuta kapasita mbili, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, zimevimba vichwa. Bei yake haikufika hata nauli yangu.

(Ukitaka kufungua mwenyewe, kuchomoa plagi hakutoshi. Kapasita za upande wa umeme mkubwa huweza kubaki na volti zinazokaribia 325. Subiri, halafu pima kabla hujagusa kitu.)

"Sisi tuna UPS." Mnayo hiyo mashine ya kushikilia umeme ukikatika, lakini betri yake ina umri gani? Betri hizi za volti 12 hudumu miaka 3 hadi 5, na chumba cha joto huzimaliza mapema. Ikiwa haina mzigo, hata iliyochoka inaweza kuonyesha 12.7 kama mpya. Jioni watu wakishaondoka, chomoa UPS ukutani uhesabu dakika. Wengi hunikatalia jaribio hili kwa kuogopa mtambo utazima, nami huwa sielewi wanaiwekea UPS ya nini.

"Mita inasoma -48, kuna mtu kageuza nyaya." Hapana. Tangu zamani mitambo ya simu huunganisha chanya na ardhi, ili nyaya za laini zibaki upande wa hasi, kwa sababu shaba iliyo upande wa chanya huliwa haraka kwenye unyevu. Alama ya kutoa hapo ni ya kawaida. Na ukiinua mkono wa simu ukaona volti zimeshuka hadi chini ya 10, usishtuke, ndivyo inavyotakiwa.

"Adapta ya ampea nyingi itaiunguza simu." Simu huchota ampea inazozihitaji tu. Kinachounguza ni volti kuzidi, chanya na hasi kupishana, au adapta inayotoa AC kuchomekwa kwenye kifaa cha DC. Soma maandishi ya mgongoni. Kuingia kwenye tundu si kigezo.

Kwa wenye simu za mtandao: swichi (kile kisanduku cha kugawa mtandao) ya matundu 24 ya kulisha simu umeme haimaanishi kila tundu litapata wati 15.4 kwa wakati mmoja. Angalia jumla ya wati zake.

"Radi huingia kwa njia ya umeme, na sisi tulichomoa plagi." Mlichomoa plagi mkaacha laini za shaba zinazotoka nje. Ndiyo maana baada ya mvua kubwa unakuta pawa saplai nzima kabisa, kadi ya laini za nje imekufa. Kinga za laini zipo, ila hazina msaada kama radi haina pa kwenda. Kwa hiyo mimi huanza na waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka umeme ardhini. Naufuata kutoka kwenye mtambo, nyuma ya kabati, mpaka mwisho wake, na zaidi ya mara moja nimeukuta umezungushiwa msumari wenye kutu uliogongomelewa kwenye fremu ya mlango.