Kinachopita Kati ya Hadithi Moja na Nyingine

Kwa kuwa kazi yangu ni kuchambua bunilizi za kisayansi, huulizwa mara kwa mara kama mkusanyiko wa hadithi zinazofungamana ni riwaya iliyokatwa vipande au ni hadithi mbalimbali zilizotiwa jalada moja. Si hiki wala kile, kwa sababu katika mkusanyiko wa aina hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanywa na yale yasiyosimuliwa, yaani miaka na matukio yanayopita kati ya hadithi moja na inayofuata.

Isaac Asimov alilifahamu jambo hilo mapema. Hadithi zake za kuporomoka kwa himaya inayotawala galaksi zilichapishwa katika jarida la Astounding la Marekani kuanzia 1942 hadi 1950, kisha zikakusanywa katika vitabu vitatu, cha kwanza kikiwa Foundation cha 1951. Miongo hupita kutoka hadithi hadi hadithi, shujaa wa jana akabaki jina tu vinywani mwa wajukuu, na msomaji hulazimika kukisia mwenyewe jinsi ushindi wa kizazi kimoja ulivyozaa tatizo la kinachofuata. Katika I, Robot ya 1950 alitumia njia ninayoiona dhaifu zaidi: hadithi tisa zimeshikanishwa kwa mahojiano na mtaalamu mzee, Susan Calvin, ambaye Asimov alimpachika hata katika hadithi ya 1940 ambamo awali hakuwemo. Uzi unaonekana mno.

Aliyeimudu mbinu hii kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Ursula K. Le Guin. Ulimwengu wake wa Hain, yaani hadithi na riwaya zinazofungamana kuhusu sayari nyingi, Hain ikiwa mojawapo, ulianza miaka ya 1960, na kanuni yake moja ya kifizikia ndiyo inayoufanya ufae hadithi fupi: ujumbe hufika papo hapo kutoka sayari hadi sayari, ilhali binadamu husafiri kwa kasi inayokaribia tu ile ya mwanga. Msafiri huona muda mfupi umepita, kumbe alikotoka wazazi wake wamekwisha kufa. Kila safari ndefu, basi, humtenga mtu na maisha yake ya awali, na mwandishi anaweza kufunga hadithi pale bila kulazimisha.

Four Ways to Forgiveness ya 1995 ina hadithi ndefu nne kuhusu sayari mbili jirani: Werel, yenye utumwa, na Yeowe, koloni lake ambako watumwa waliasi wakajikomboa. Hakuna shujaa wa kitabu kizima. Havzhiva, mgeni kutoka Hain, ni mhusika mkuu wa hadithi ya tatu. Katika ya nne tunakutana naye kupitia kwa Rakam, mwanamke aliyezaliwa mtumwa, na yule tuliyedhani tumemjua anakuwa mtu mwingine. Vita vya Yeowe havisimuliwi moja kwa moja, kwani hadithi ya kwanza inatufikisha vilipokwisha, kwa mwanamke mzee na jirani yake, kiongozi aliyeaibika. Ukubwa wa vita hivyo tunaupima kwa walichopoteza wawili hawa.

Ulimwengu ulioandikwa kwa miongo mitatu haukosi nyufa. Le Guin alikwisha kulitumia jina Werel kwa sayari nyingine kabisa katika riwaya zake za mwanzo, akasahau. Mwandishi mwingine wa bunilizi za kisayansi, Robert Heinlein, aliyezipanga hadithi zake katika chati ya historia ya siku zijazo iliyochapishwa mwaka 1941, pengine angekereka. Mimi sikereki, kwa kuwa Le Guin hakudai kamwe kwamba anajenga historia moja iliyopangwa, na ulegevu huo ndio uliomwachia nafasi ya kurudi.

Naye alirudi. Mwaka 1999 alichapisha hadithi ya Old Music, mjumbe wa Hain ambaye katika kitabu cha 1995 alikuwa pembeni tu, akimsaidia Rakam kufika Yeowe. Safari hii ni mzee aliyetekwa, vita vikiwa vimefika Werel kwenyewe. Toleo la 2017 limeiongeza na kuwa ya tano. Mwenye toleo la zamani aitafute na aisome mwisho, kwa sababu nguvu yake inategemea kwamba msomaji alikwisha kumpita mtu huyu bila kumtazama.